Maboksi 23 ya vitabu na chumba kimoja Pangani: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi na wenzangu watano hapa Pangani tumepata maboksi 23 ya vitabu. Mengine yametumwa na Watanzania waishio Uingereza, mengine yametoka shule moja ya binafsi iliyokuwa ikisafisha stoo. Mzee mmoja ametupa chumba karibu na soko, mita 4 kwa 5. Tunataka kufungua maktaba ya watoto na vijana, ya kujitolea, hakuna anayelipwa. Je, tunahitaji kompyuta? Tupange kwa Dewey, ule mfumo wa namba wa maktaba? Tutoze ada? Na tufanyeje vitabu visipotee? Waliotutumia wanaomba picha za uzinduzi mwezi ujao.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hongereni. Dewey na kompyuta nitavifikia, lakini kuna swali hukuliuliza ambalo ndilo litakaloamua kama mlango huo utakuwa wazi mwakani: katika hayo maboksi 23, ni vitabu vingapi ambavyo mtoto wa Pangani atavisoma mpaka mwisho? Hilo hulijui bado, nami silijui. Kwa hiyo tuanze na maboksi.

Yako wapi sasa hivi? Kama yako ndani ya chumba, yamekaa sakafuni na kuegemea ukuta, acha kusoma kwanza, waite wenzako mkayatoe.

Mwaka wangu wa pili kazini kama mkutubi, yaani msimamizi wa maktaba, nilikabidhiwa stoo ya maktaba ndogo ya taasisi moja. Maboksi yalipangwa vizuri, mkanda juu haujaguswa, hata vumbi halikuwa jingi. Nikashika boksi la kwanza kuliinua, nikabaki na kifuniko na kuta nne mikononi. Chini hapakuwa na kitu. Mchwa walipita kwenye ufa wa sakafu wakala kwenda juu, wakaacha ganda. Kitabu cha juu kabisa kilionekana kizima. Nilipokifungua kurasa zilikuwa zimegandana kwa udongo kama tofali. Mtangulizi wangu alikuwa akiyahesabu kila mwezi kwa macho tu na kuandika "yapo". Tangu siku hiyo boksi lililofungwa silihesabu kuwa ni vitabu.

Kwa hiyo fungueni nje. Tafuteni kivuli, tandikeni turubai, chagueni siku kavu. Kitabu kimoja kimoja: kishike mgongo, kigonge taratibu, kipeperushe kurasa. Unatafuta vitu vitatu. Kwanza vidoadoa vya kahawia kwenye mgongo na pembeni mwa jalada, hicho ni kinyesi cha mende, na penye kinyesi huenda pana mayai. Pili vitundu vya duara vidogo kama ncha ya sindano vyenye unga mwembamba. Hapo amepita mdudu anayetoboa, na huenda bado yumo. Tatu harufu. Kitabu chenye ukungu kinajitambulisha kabla hujakifungua. Ukungu mkavu ukiwa juu juu tu unafutwa kwa kitambaa kikavu, huko huko nje, mkivaa barakoa. Ukiwa umeingia ndani ya kurasa, kitabu hicho kisivuke kizingiti, hata kiwe kizuri namna gani, kwa sababu hewa ya pwani itafanya kazi iliyobaki.

Vyenye wadudu ambavyo mnavihitaji kweli, msivipulizie dawa. Dawa ya kunyunyiza inaacha sumu kwenye karatasi, na watoto wanalamba kidole kufungua ukurasa. Nyie mko mji wa samaki: mwombeni mfanyabiashara mmoja kona ya friza. Fungeni vitabu ndani ya mifuko miwili mizito ya nailoni, toeni hewa, funga kwa mkanda, viweke kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika siku nzima barafu ikaanza kuyeyuka, anzeni kuhesabu upya. Mkivitoa, msifungue mifuko hapo hapo. Viacheni siku nzima vikiwa vimefungwa, ili jasho la ubaridi litokee nje ya nailoni na lisilowanishe karatasi. Wengi wanasahau hapo, wanaokoa kitabu kutoka kwa mdudu na kukikabidhi kwa ukungu.

Wazee watakushauri majani ya mwarobaini kwenye rafu. Sina ugomvi nayo. Ila ufagio kila siku unafanya kazi kubwa zaidi.

Sasa uchambuzi wenyewe. Najua utaona vibaya kutupa kitu mlichopewa bure, tena na ndugu waliolipa nauli ya meli. Kwa uzoefu wangu boksi moja hubeba vitabu 30 hadi 40, kwa hiyo mnavyo kama 800. Mkibakiwa na 300 vya kuweka rafuni mmebahatika. Nimesema rafuni, sikusema vinavyofaa kusomwa na mtu fulani duniani. Mwongozo wa kodi za Uingereza unafaa, lakini haufai Pangani. Kitabu cha kufundisha kompyuta za Windows 98 kilikuwa kizuri wakati wake.

Viondoeni bila huruma vitabu vinavyodanganya. Kitabu cha tiba cha miaka ya themanini kinaweza kumdhuru mtu, maana kuna atakayekifuata kipimo chake cha dawa. Atlasi isiyo na Sudan Kusini imechapwa kabla ya 2011, na yenye Umoja wa Kisovieti ni ya kabla ya mwaka 1991 kwisha. Mwekee mwalimu wa historia kama anaitaka. Vitabu vya kiada kutoka ile stoo ya shule vitazameni kwa makini, kwa sababu mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 na mtoto akisomea mtihani kwa muhtasari wa zamani mtakuwa mmemponza. Hisabati ni tofauti kidogo. Sehemu na pembetatu hazijabadilika, wekeni nakala mbili tatu. Mkikuta nakala 30 za kitabu kimoja, kama kawaida ya stoo za shule, bakini na tatu, nyingine mpelekee mwalimu mkuu wa shule ya jirani naye atawashukuru.

Kuna njia ya haraka ya kujua maboksi yenu yamebeba nini, nayo naipenda kwa sababu hata kijana wa darasa la tano anaifanya. Geuzeni kitabu, tazameni namba iliyo juu ya ile mistari myeusi. Vitabu vilivyotoka tangu 2007 vina namba ya tarakimu 13, na karibu zote huanza na 978. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazosema mchapishaji ni wa wapi. 9976 na 9987 ni Tanzania. 9966 ni Kenya. 9970 ni Uganda. Ikifuata 0 au 1, kitabu kimechapwa na mchapishaji wa nchi za Kiingereza, kama Uingereza au Marekani. Vya zamani zaidi vina tarakimu 10 tu na namba hizo zinaanza moja kwa moja bila 978. Mpeni kijana mmoja karatasi na kalamu, apige kistari kwa kila kundi. Nilipofanya hivyo mara ya mwisho, kwenye shehena moja ya msaada tuliyoletewa, vistari vya 0 na 1 vilijaza ukurasa mzima, na upande wa kwetu vilikuwa kumi na moja. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini watoto hawaji.

Maana hiyo ndiyo sababu ya maktaba nyingi za misaada kufa mwaka wa pili. Vitabu vipo, rafu zimejaa, na mtoto anayesoma Kiswahili kwa kuunganisha silabi anaingia, anatoa kitabu, anakutana na Kiingereza cha theluji na keki za Krismasi, anakirudisha. Mara tatu hivyo, basi. Na vitabu vibaya vina dhambi nyingine: vinaficha vizuri. Tuseme nanyi mna vitabu 11 vya Kiswahili: vikichanganyika na 800 havionekani, ila vikikaa na vingine 289 vilivyochaguliwa kwa mkono mtoto atavikuta kwa dakika moja.

Mnavyoviondoa vipigeni mhuri wa IMEONDOLEWA kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuvigawa au kuviuza kwa kilo. Siku moja nilinunua karanga stendi, nikakunjua ile karatasi, nikakuta mhuri wa maktaba yangu mwenyewe, wino bado mweusi. Muuza karanga hakuwa na kosa, kitabu tulikiondoa sisi. Lakini abiria aliyekaa pembeni aliusoma, akaniangalia, na sikuwa na la kumwambia.

Kwa waliowatumia, andikeni barua ya ukweli kabla hawajafunga kontena lingine. Msiseme "tunashukuru kwa vitabu vyote." Waambieni, kwa mfano: "Tumepokea maboksi 23. Vitabu 310 viko rafuni. Vilivyotembea zaidi ni vya wanyama na vya hadithi fupi. Safari ijayo, badala ya kulipa nauli ya meli, tutumieni hiyo pesa tununue vitabu vya Kiswahili Dar es Salaam." Ndugu zetu wa ughaibuni wengi ni waelewa, hawajaambiwa tu. Gharama ya kusafirisha boksi moja zito toka Uingereza inanunua vitabu vyembamba vya watoto vya kutosha, vipya, vyenye majina kama ya watoto wenu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kutoa vitabu vya namna hiyo tangu 1991. Na kuna African Storybook kwenye intaneti: hadithi fupi zenye picha, nyingi zimo kwa Kiswahili, leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuchapa na kugawa. Mwenye printa mjini akiwachapia kurasa za A4 mkazikunja na kuzishona katikati kwa uzi, mmepata kitabu. Nimeona watoto wakipigania vile vya kushonwa kuliko vya jalada gumu.

Kuhusu ushonaji, neno moja: selotepu usiiruhusu iingie kwenye hicho chumba. Inakauka, inageuka njano, inabaki na gundi inayonata na kuvuta vumbi. Tumieni gundi nyeupe ya mbao, kidogo, kwa brashi. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi, ila mmewapikia mende.

Tukifika kwenye daftari, hapa ndipo nilipo mkali. Kompyuta hamhitaji. Ipo programu ya maktaba ya bure inayoitwa Koha, ilianzia New Zealand, vyuo vingi vinaitumia, lakini inataka mtu wa kuihudumia na umeme usiokatika; kwa vitabu 300 ni kununua lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi. Nunueni kaunta buku nene yenye jalada gumu. Hiyo ndiyo rejesta, na haiazimwi wala haibebwi nyumbani. Kila kitabu mstari mmoja: namba, tarehe kilipoingia, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, kilikotoka, na safu ya mwisho iachwe wazi kwa siku kitakapoondoka na sababu yake. Namba zinaanza 0001 na kwenda mbele. Kitabu 0047 kikipotea, namba hiyo imekwenda nacho, haipewi kingine hata baada ya miaka kumi. Wengi hujaza mapengo wakidhani wanaweka usafi, kisha hawajui tena walikuwa na vitabu vingapi.

Namba hiyo hiyo iandikeni kwa penseli nyuma ya ukurasa wa jina. Mhuri upigeni hapo, na mara ya pili kwenye ukurasa mmoja wa siri mliokubaliana, tuseme wa 21, kwa kila kitabu. Mtu akichana ukurasa wa mbele ili kitabu kiwe chake, ule wa 21 utamsema.

Rafu mwite seremala, ila mpe vipimo usimwachie. Ubao usizidi sentimita 90 kwa urefu, ukizidi utapinda katikati kama bembea. Upana sentimita 25, nafasi kati ya ubao na ubao 30, ngazi tano. Ngazi ya chini iwe juu ya sakafu kwa sentimita 15, na rafu nzima isiguse ukuta, acheni upenyo wa vidole vinne hewa ipite na mwanga uingie, maana mchwa anapenda kujenga njia yake pasipoonekana. Miguu iwekeni ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari kidogo. Mita moja ya rafu inabeba vitabu kama 30 vya unene wa kawaida, kwa hiyo rafu moja ya vipimo hivyo inachukua 135. Rafu tatu zinawatosha na nafasi inabaki. Nafasi hiyo iacheni. Vitabu vikibanana mtoto atavivuta kwa kichwa cha mgongo na kuuchana.

Vitabu vyembamba vya watoto msivipange wima rafuni, vitapotea kama barua. Fungeni kamba ukutani, urefu wa mtoto wa miaka sita, mvining'inize kwa vibanio vya nguo, jalada mbele. Na dirisha la upande wa jua liwekeeni pazia, hata kanga inatosha.

Dewey. Mfumo huu wa namba ulitolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na maktaba nyingi duniani bado zinautumia, zikiwemo zetu za mikoa. Mimi nimeula chumvi yake maisha yote tangu chuo cha ukutubi Bagamoyo, siusemi vibaya. Lakini unapaswa kujua ulichorwa na mtu wa wapi. Dini imepewa 200 hadi 299. Ukristo ukachukua sehemu kubwa, Uislamu wote ukabanwa ndani ya 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 yake nzima. Fasihi ya Kiswahili utaikuta 896.392. Hebu mwandikie mtoto wa darasa la pili hiyo namba kwenye mgongo wa kitabu cha sungura na fisi.

Kwa vitabu 300 tumieni makundi sita au saba kwa majina ya kawaida: Hadithi za Watoto, Hadithi za Vijana na Wakubwa, Sayansi na Wanyama, Historia na Watu, Dini, Masomo ya Shule, Kamusi na Marejeo. Kila kundi lipewe rangi ya karatasi kwenye mgongo, na juu ya rangi andikeni herufi moja kwa wino mweusi, H, V, S na kadhalika. Herufi ni lazima. Mwanga wa pwani unafuta nyekundu na njano haraka, na baada ya mwaka mtakuwa na makundi matatu ya rangi ya maziwa. Ndani ya kundi, pangeni kwa jina la kwanza la mwandishi kama lilivyo kwenye jalada. Wenzangu wakutubi watanipigia kelele, maana kanuni za kizungu zinataka jina la ukoo. Lakini wasomaji wenu wanamwita mwandishi kwa jina lake la kwanza, na anayetafuta kitabu ni wao. Mkifika vitabu 2,000 niandikieni, tutazungumza namba.

Kuazimisha msikuanze siku ya kwanza. Miezi miwili ya mwanzo vitabu visomwe humo humo chumbani, kwenye mikeka. Mtawajua wasomaji kwa majina, nao watazoea kwamba kitabu kinarudi pale kilipotoka. Kisha anzeni: kitabu kimoja kwa mtu, wiki mbili. Daftari la pili, dogo: tarehe, namba ya kitabu, jina la mtoto, jina la mzazi au shangazi anayemdhamini, na nyumba ilipo. Andikeni kama watu wanavyoelekezana: "Mwanaidi, darasa la 4, kwa bibi yake, nyuma ya msikiti mdogo, mlango wa kijani." Namba za vitambulisho msizichukue, hamna kabati la kuzifungia wala sababu ya kuwa nazo.

Vitapotea. Sikudanganyi. Katika mwaka wa kwanza hesabu kwamba kadhaa havitarudi, na uwaambie wenzako mapema ili wasigombane siku itakapotokea. Ila usitoze faini kwa watoto. Nilifanya kazi mahali palipokuwa na faini ya kila siku ya kuchelewa, ndogo tu, na niliona inavyofanya kazi: mtoto anachelewa siku nne kwa sababu alikwenda kwa babu yake, anaogopa kumwomba mama hiyo pesa, anakificha kitabu uvunguni. Tumepoteza kitabu na mtoto kwa pamoja. Badala yake, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi iwe siku ya kurudisha bila maswali. Anayerudisha hata cha mwaka jana anapewa kingine hapo hapo. Aliyechana aje akae na mkubwa mmoja washone pamoja.

Ada kwa watoto, hapana. Watu wazima wanaokuja kusoma magazeti na kamusi wawekeeni kopo mlangoni.

Sasa nyie wenyewe. Mko sita. Usiniambie mtafungua kila siku, najua mtakavyofanya: wiki mbili za mwanzo wote sita mpo, wiki ya tano mlango umefungwa Jumatano moja, mtoto aliyetoka mbali kwa mguu amekuta kufuli, hatarudi. Fungueni siku tatu tu. Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa sita. Watu wawili kwa siku, kila mmoja ana siku moja kwa wiki. Ratiba ibandikwe mlangoni na iheshimiwe kama saa ya adhana. Ramadhani ikikaribia badilisheni saa mapema, mtangaze. Mkiwa na vijana wa kidato cha nne kati yenu, mjue Novemba hampo nao, wako kwenye mtihani.

Ufunguo uwe na nakala mbili kwa watu wawili tofauti. Na siku zote wawe wakubwa wawili chumbani, mlango wazi, watoto wakiwepo. Hili halina mjadala na wala halimtuhumu mtu. Linamlinda mtoto na linawalinda nyie.

Kwenye sabuni, wino, balbu na nauli ya anayetoka Bweni, ng'ambo ya mto, wekeni bajeti ndogo na mweka hazina asiwe yule mwenye rejesta. Kujitolea kusimtoe mtu pesa mfukoni, nauli ya pantoni ikimshinda ataacha kuja na ataona haya kusema.

Halafu hicho chumba. Mzee amewapa kwa mdomo? Nilidhani hivyo. Mwendeeni kwa heshima, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji au wa serikali ya kijiji, mwombe aandike: chumba ni cha maktaba kwa miaka mitatu, akitaka kukitwaa anatoa taarifa ya miezi mitatu. Asaini yeye na mmoja wa wanawe. Mtoto wa mzee ndiye muhimu hapo. Niliwahi kusaidia kikundi kimoja kwenye mji mwingine, chumba cha bure, mzee mwema kabisa. Alipofariki, kijana wake alirudi kutoka Dar es Salaam, siku ya arobaini ilipopita chumba kikawa duka la vifaa vya simu. Sikumlaumu sana kijana, hakuna aliyemwonyesha karatasi. Vitabu tulivibeba kwa mkokoteni usiku.

Mkishapata karatasi hiyo, ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri atawaeleza jinsi ya kusajili kikundi. Pia pandeni basi siku moja hadi Tanga mjini, kwenye maktaba ya mkoa, ile iliyojengwa enzi za mkoloni na kuitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita. Iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na kushauri wanaoanzisha maktaba ndogo ni sehemu ya kazi yao. Nendeni na rejesta yenu mkononi. Mkutubi akiona kaunta buku imejazwa vizuri atawasikiliza tofauti na anavyomsikiliza mtu mwenye barua ya kuomba.

Uzinduzi wa mwezi ujao uahirisheni. Mgeni rasmi, maturubai, utepe na soda vitakula pesa za rafu moja, na picha zitaonyesha watoto waliopangwa mstari wakiwa wameshika vitabu ambavyo hawajavifungua. Watumieni wafadhili picha ya turubai nje, vitabu vimetapakaa, nyie mmevaa barakoa mnafuta ukungu. Waambieni uzinduzi ni baada ya miezi mitatu, na siku hiyo watoto watano watasimama kusimulia kitabu walichosoma.

Mkimaliza kuchambua niandikie namba mbili tu: vimebaki vingapi, na kati ya hivyo vingapi vinaanza na 9976, 9987 au 9966. Nikizipata nitajua orodha ya vitabu vya kununua nikuandalie ya watoto wadogo kwanza au ya sekondari.